Picha ya Mkurugenzi kwenye Pikipiki

Nati ya mwisho ilikuwa inazunguka bure. Kila Kioo alipoikaza, bolti nayo ilizunguka pamoja nayo upande wa pili, kama watu wawili wanaopeana njia mlangoni na hakuna anayepita. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya pikipiki, aproni juu ya suti nyeusi, spana mkono mmoja na koleo mkono wa pili, na pua yake ilikuwa karibu kugusa tabasamu la Mkurugenzi.

Tabasamu hilo lilikuwa ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu, na fremu ilikuwa inafungwa juu ya sanduku la mizigo, ikitazama nyuma. Lilikuwa wazo la Mkurugenzi mwenyewe. Kama pikipiki inakwenda kuzunguka mjini ili mteja mmoja aijaribu, alisema, kwa nini mji mzima usifaidi? Watakaokuwa nyuma waone ni nani aliyewaletea chombo kama hiki. Jina halikuandikwa. Mkurugenzi aliamini kwamba asiyemjua hastahili kuambiwa.

"Umemaliza?" aliuliza Naibu, akisimama mlangoni na shada la maua ya plastiki. Naibu alikuwa shemeji wa Mkurugenzi, kaka wa mke wake, na kazi yake kubwa pale dukani ilikuwa kukubaliana.

"Nati moja inanisumbua, bwana Naibu."

"Isikusumbue. Na hili shada lizungushe kwenye fremu. Bila maua picha imepoa."

Kioo alilizungusha shada. Kisha akatandaza shuka nyeupe juu ya masanduku ya pembeni, kwa kuwa Mkurugenzi hakutaka vumbi liguse rangi, akazibana ncha zake kwa pini. Kila kitu kilikuwa na sababu yake. Picha ilikuwa tangazo, maua yalikuwa mapambo, shuka zilikuwa kinga ya vumbi, na suti nyeusi ilikuwa sare ya duka tangu duka lifunguliwe. Ukiviangalia kimoja kimoja huoni kosa. Na Kioo alikuwa mtu wa kuviangalia vitu kimoja kimoja.

Jina la Kioo alilipatia pale pale dukani. Pikipiki ile ilipoletwa, kubwa, nyeusi, nzito kama ng'ombe aliyegoma, ilisimamishwa dirishani nyuma ya kioo, naye akapewa kitambaa. Hakuwa na cheti cha kazi yoyote. Alisoma kitabu cha maelezo mpaka akakijua kwa moyo, akajifunza kila kibonyezo: redio, kiti cha kupasha joto, gia ya kurudi nyuma, kioo cha kukinga upepo kinachopanda na kushuka chenyewe. Aliipangusa kila siku mpaka ukijitazama kwenye tangi la mafuta unaona hata deni la usingizi usoni mwako. Watu walikuja kuiangalia. Maharusi walikuja kupigiwa picha juu yake. Baba mmoja alimleta mtoto aliyegoma kula, akamkalisha, mtoto akala. Aliyekuja kuinunua hakuwepo.

Sasa wakala aliyeileta alikuwa amesema mwisho wa wiki anaichukua, ampelekee anayejua kuuza. Mkurugenzi alimwita Kioo ofisini.

"Ikirudi ilikotoka, na wewe urudi."

"Nirudi wapi, bosi?"

"Ulikotoka."

Kioo alikotoka kulikuwa nyumbani, na nyumbani kulikuwa na mama mkwe. Mama huyo alikuja kumsaidia binti yake alipojifungua, akasema anakaa siku chache, na mtoto yule sasa alikuwa anajifunga kamba za viatu mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ulimi tu. Akiulizwa na majirani mkwe wake anafanya kazi gani, alijibu: "Anapangusa pikipiki. Akimaliza, anaanza tena." Lakini chungu cha nyumba ile kilitegemea kitambaa hicho, na asubuhi ile, Kioo alipokuwa akimnong'oneza mkewe habari ya kufukuzwa, upande wa pili wa pazia kikombe kilikuwa kimeacha kugonga sahani. Mama alikuwa anasikiliza.

Ndiyo maana mteja alipopiga simu kusema anakuja kuijaribu, Kioo alihisi kama ametupiwa kamba akiwa kisimani.

Mteja alifika mchana, kwa miguu, amevaa glovu. Alikuwa mama mrefu, mtu mzima, mgongo wima kama mlingoti. Naibu alimtazama kuanzia juu hadi chini, safari ndefu, kisha akauliza kwa adabu ya mtu aliyekwisha kukata tamaa:

"Mama, umewahi kuendesha chombo kizito?"

"Nimeendesha gari la maiti la hospitali mpaka nikastaafu."

"Ah," alisema Naibu, akarudi hatua moja.

"Na kazini nilikuwa nakwenda kwa pikipiki yangu. Ndogo, lakini ilikuwa na moyo. Abiria wangu wa gari lile walikuwa wazito kuliko wewe, mwanangu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika."

Kioo alicheka. Hakukusudia. Mama akamgeukia, akaona kwamba huyu anafaa kuongea naye.

"Maisha yangu yote ya kazi nimekwenda upande mmoja wa mji," alimwambia. "Hospitali, makaburini, hospitali. Barabara ile nyingine, inayopanda vilima, sijui inaishia wapi. Nataka kwenda kuangalia. Lakini magoti yangu hayataki tena kupigwapigwa, nataka kitu kitulivu. Wanasema hii ni ya safari ndefu."

"Ndefu sana, mama. Unaweza kulala juu yake."

"Waliolala nimeshawachoka."

Mkurugenzi alitokea juu ya ngazi kutangaza masharti ya majaribio. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Mfanyakazi wa duka akae nyuma ya mteja muda wote, mali isipotee. Taa zote za pembeni zimulike pamoja bila kuzimwa, ile hazadi, ili pikipiki ionekane mbali. Ipite barabara kuu, mzunguko, sokoni, irudi. Na mwendo usizidi wa mtu anayetembea, kwa sababu chombo kilichokimbizwa si kipya tena.

"Mwendo wa kutembea?" aliuliza mama.

"Wa pole," alisema Mkurugenzi. "Wa heshima."

"Huo naujua."

"Kamilifu kabisa, shemeji," alisema Naibu.

Mkurugenzi akamnyooshea Kioo kidole, kidole ambacho hakikuhitaji maneno, kisha akaenda kwenye kikao chake cha mchana. Kikao hicho hakikuwa na mjumbe mwingine. Kilifanyika kwenye kochi la ofisini, simu imezimwa, mlango umefungwa, na aliyegonga alijitafutia balaa.

Wakatoka.

Wahenga wamesema mwenda pole hajikwai, lakini wahenga hawakupanda pikipiki kubwa. Chombo kizito cha magurudumu mawili kikienda mbio kinasimama chenyewe. Kikienda pole ndipo kinapokumbuka uzito wake na kutafuta mahali pa kulala. Kioo alikuwa ameyasoma hayo kitabuni. Alishika vyuma vya nyuma, akafumba macho, akasubiri kuanguka. Hawakuanguka. Mama alikuwa amekaa kama yuko kanisani au msikitini, mkono wa klachi unaachia nusu na kurudisha nusu, mguu umegusa breki ya nyuma kidogo tu, macho mbali. Pikipiki ilielea barabarani kama sinia lililobebwa kichwani.

"Mama, umejifunza wapi hivi?"

"Ukiwa umebeba mtu wa watu, mwanangu, na familia yake iko nyuma inakutazama, unajifunza kutotikisa."

Walipofika barabara kuu, gari la kwanza lililokuja nyuma yao halikuwapita. Lilipunguza mwendo, likawasha taa. La pili likaja likakaa nyuma ya la kwanza. Kioo aliona kwenye kioo cha pembeni, moyo ukafurahi. Alikumbuka kwamba muuzaji lazima awe mchangamfu, akawapungia mkono watu waliosimama mbele ya benki, akitabasamu.

Watu hawakupunga. Mzee mmoja alivua kofia.

"Mtazame kijana wa watu anavyojikaza," alisema mwanamke aliyekuwa anauza ndizi.

"Ni nani huyo kwenye picha?"

"Si yule wa duka la pikipiki? Mkurugenzi!"

"Hapana! Juzi tu nimemwona!"

"Juzi ndiyo hiyo. Kifo hakina miadi."

Fundi viatu aliyekuwa jirani aliacha kiatu alichokuwa anakishona, akashika kichwa. "Rafiki yangu yule. Rafiki yangu sana. Kila asubuhi tulikuwa tunasalimiana."

"Alikuwa anakusalimia?"

"Nilikuwa namsalimia mimi."

Habari ya kifo haihitaji gari. Pikipiki ilipofika kwenye mzunguko, habari ilikuwa imeshatangulia. Trafiki aliyekuwa katikati aliwatazama wakija: taa zinawakawaka, shuka nyeupe, maua, mtu wa suti nyeusi, na uso uliozoeleka ndani ya dhahabu. Akasimamisha magari ya pande zote. Akabana visigino, akapiga saluti. Kioo, ambaye hakuwahi kupigiwa saluti maishani, naye akapiga.

"Mama," alisema, akiinama sikioni mwa dereva, "tumepata bahati. Nyuma yetu kuna wateja mpaka siuoni mwisho wao."

Mama alitupa jicho kwenye kioo cha pembeni. Kisha mabega yake yakashuka kidogo, kama ya mtu aliyeitwa kazini siku ya mapumziko.

"Mwanangu, hao si wateja. Mimi msururu wa namna hii nimeuvuta maisha yangu yote. Hapo nyuma kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. Ni picha ya bosi. Na maua. Na shuka za..." Kwa mara ya kwanza vitu vile vyote vilimjia Kioo kichwani kwa pamoja.

"Amefariki lini?"

"Hajafariki. Yuko ofisini amelala."

"Basi wenzake hawajaambiwa."

Kijasho kilimtoka Kioo ndani ya helmeti. Kumuua mwajiri, hata kwa bahati mbaya, ni jambo ambalo hakuna barua ya maelezo inayolitosha. Aliomba mama asimamishe, ashuke awaambie watu.

"Msafara hausimamishwi katikati," alisema mama. "Ukisimama hapa wote watashuka, wataanza kulia barabarani, na hii klachi mimi nimeichoka. Turudi dukani. Wewe waambie tukipita."

Kioo akainua kioo cha helmeti, na walipokaribia sokoni akajipa moyo, akapaza sauti: "Hajafa! Jamani, hajafa!"

"Kweli kabisa, mwanangu!" walijibu wanawake wa sokoni, wakifuta machozi. "Watu kama yeye hawafi!"

Alijaribu tena mbele ya kinyozi. Kinyozi akamwambia mteja aliyekuwa na povu nusu ya kidevu: "Hiyo ndiyo hatua ya kwanza. Mtu anakataa." Mteja akatoka na povu lake, akajiunga na msafara.

Huku dukani simu ya mapokezi ilikuwa imelia. Aliyepiga alikuwa meneja wa benki, akitoa pole. Naibu alifungua kinywa kusema kwamba hapana, shemeji yake yuko chumba cha pili. Lakini hajawahi kumpinga mtu mwenye cheo, na asingeanzia hapo.

"Ndiyo, bwana meneja," alisema. "Tumepokea kwa masikitiko. Ahsante."

Ikalia tena, mkuu wa shule. Naibu akampa ndiyo yake pia. Kila aliyepiga alikuwa mkubwa kuliko aliyetangulia, na kila ndiyo iliuongezea msiba uzito. Mlango wa ofisi ulikuwa hapo hapo. Angeweza kugonga. Lakini kugonga wakati wa kikao kulikatazwa, na kama shemeji alikuwa amekufa kweli, kugonga kungekuwa utovu wa adabu zaidi. Akatuma watu wakodi turubai na viti. Akatafuta tai nyeusi. Kufa kufaana: alipojitazama kwenye tangi la pikipiki ndogo iliyobaki dirishani, aliona kwamba tai ilimkaa vizuri, na kwamba neno Kaimu lingekaa vizuri zaidi.

Pikipiki ilipoingia uwanjani, turubai lilikuwa limeshasimama. Naibu alikuwa juu ya kiti, anahutubia.

"Mimi kama Kaimu Mkurugenzi," alikuwa anasema, "nawaahidi kwamba kazi zake zitaendelea. Isipokuwa zile zitakazobadilishwa. Ofisi yake, kwa mfano, rangi ile haikuwa nzuri. Hata yeye, naamini, huko aliko, analijua hilo."

Na mstari wa mbele kabisa, kitenge kiunoni, mikono kichwani, alikuwepo mama mkwe wa Kioo. Hilo halikumshangaza Kioo. Mama yule alikuwa na kipaji cha misiba. Hakuna jeneza lililowahi kutangulia kufika mahali kabla yake, na alilia vizuri kiasi kwamba familia nyingine zilimtumia ujumbe mapema. Wengine huimba, wengine hucheza mpira. Yeye alilia.

Mama mteja alizima injini, akashusha stendi taratibu, akaketi kama alivyozoea kukaa akisubiri wenye mtu wao wamshushe. Kioo alishuka, akapenya katikati ya watu, akainama mbele ya mkwe wake, macho chini.

"Mama, shikamoo. Samahani. Mtu mwenyewe hajafa."

Mama mkwe alikuwa katikati ya kilio. Alivuta pumzi, kama mwimbaji kati ya beti mbili, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Yuko wapi?"

"Ndani. Lile dirisha lenye pazia la kijani."

"Limefunguliwa?"

"Limefunguliwa, mama."

"Anasikia?"

Kioo aliangalia. Pazia la kijani lilitikisika, na hapakuwa na upepo. Mkurugenzi alikuwa ameamka zamani. Mwanzoni alikuwa ameamka kwa hasira, ashike mtu shingo. Lakini kabla hajafika mlangoni alisikia jina lake likitajwa pamoja na neno mkarimu, akasimama. Kisha akasikia mwenye busara, akasogeza kiti karibu na dirisha. Ni wachache wanaopata bahati hiyo, naye hakuwa mtu wa kukatiza watu wanapomsifu.

"Anasikia, mama."

"Vizuri," alisema mama mkwe. Akafunga kitenge upya. Akageuka kuelekea dirishani, akanyanyua mikono, na sauti iliyotoka ilifanya hata Naibu ashuke kitini.

"Baba ee! Baba usiyejua neno ondoka! Nani kama wewe? Wengine wanafukuza watu kama kuku, wewe hukuwahi, baba! Ulimchukua mkwe wangu, hana cheti, hana mjomba mjini, ukamwambia hapa ni kwako mpaka uzeeke! Nani aliyesikia umemfukuza mtu? Aje hapa aseme!"

"Hakuna!" waliitikia watu.

"Aje aseme!"

"Hakuna!" Waliopaza sauti kuliko wote walikuwa akina bwana watatu waliokaa nyuma, ambao Mkurugenzi aliwahi kuwafukuza mwaka uliopita. Msiba ni msiba.

"Mpaka uzeeke, ulimwambia!"

"Mpaka azeeke!"

Pengine Mkurugenzi angekaa pale dirishani mpaka jioni, akijisikiliza. Kilichomtoa ni Naibu, aliyepanda tena kitini na kusema kwamba kwa kweli ile rangi ya ofisi angeibadilisha kesho. Mlango ukafunguka. Mkurugenzi akatokea juu ya ngazi, soksi bila viatu, alama ya mto shavuni.

Fundi viatu, rafiki yake sana, alianguka. Kinyozi na mteja wake wakakimbia, povu likabaki hewani. Viti viliangushwa. Mama mteja peke yake hakutikisika, alivua glovu, akamwambia trafiki aliyekuwa karibu yake: "Hii ni mara yangu ya kwanza kuona abiria anakuja mwenyewe."

"Nani," alisema Mkurugenzi, na sauti yake ndefu ilifika barabarani, "nani amefanya jambo hili?"

Naibu alimnyooshea Kioo kidole haraka sana. Hapo tu ndipo hakusita. Watu wakamwachia Kioo nafasi, kama wanavyomwachia mtu nafasi ya kuangukiwa na mti. Alisimama peke yake, helmeti kwapani. Alitaka kueleza kwamba picha haikuwa wazo lake, wala maua, wala mwendo, kwamba yeye alikaza nati tu. Lakini aliona kwamba maelezo hayo, hata yakiwa ya kweli, yangemwangusha mwingine, na hakuwa na uhakika kama yangemsimamisha yeye.

"Wewe," alisema Mkurugenzi. Kidole kiliinuka. "Wewe, kuanzia sasa..."

"Ndivyo tulivyokuwa tunasema, baba," alidakia mama mkwe, amekunja mikono tumboni, sauti laini kama mafuta. "Kwamba hujawahi. Hata mara moja. Watu wote hawa walikuwa wanashuhudia."

Mkurugenzi aliwatazama watu wote hawa. Walikuwa na kofia mikononi. Meneja wa benki alikuwepo. Mkuu wa shule alikuwepo, na karatasi ya hotuba imechungulia mfukoni. Machozi ya kweli yalikuwa bado hayajakauka kwenye nyuso kadhaa. Ukarimu, busara, huruma: vyote alikuwa amevipokea muda mfupi uliopita, bila jasho, na sasa mtu alitaka aanze kuvirudisha. Neno lile lilikuwa limeshafika mdomoni. Ilionekana wazi analimeza, na lilikuwa na mifupa.

"Kuanzia sasa," alisema mwisho, "utaendelea."

"Mpaka azeeke," alisema mama mkwe.

"Mpaka azeeke!" waliitikia wale mabwana watatu wa nyuma.

"Mpaka azeeke... kiasi," alisema Mkurugenzi.

Kioo alikaa chini pale pale, juu ya kiti cha kukodi. Mama mkwe alipita karibu naye akikusanya viatu vyake. Bila kumtazama usoni, kama inavyofaa, alisema: "Usinishukuru. Sifa za marehemu huwa hazidaiwi ushahidi. Na uje na mkate."

Mama mteja alikuwa amefika kwenye ngazi.

"Bwana Mkurugenzi, pole kwa yaliyokukuta. Pikipiki yako sijaijaribu. Nimeiendesha mwendo niliostaafu nao. Kesho asubuhi nataka kuipandisha vilima, ile barabara nyingine, nione inapumua vipi. Bila shuka, bila maua, bila picha."

"Bila picha?" Mkurugenzi aliumia. "Lakini watu wameiona vizuri sana."

"Bosi," alisema Kioo kutoka kitini kwake, na alishangaa kusikia sauti yake, "ikitoka tena na picha, kesho watachimba kaburi."

Mkurugenzi alifikiri. "Na mwendo?"

"Wa walio hai," alisema mama. "Na huyu kijana wako aje. Ila asipige kelele kama leo."

Hakusema atanunua. Hakusema hatanunua. Alivaa glovu zake, akaondoka kwa miguu, akipita kwenye kivuli cha turubai kwa hatua zile zile za pole, na watu wawili watatu wakamfuata bila kujua kwa nini.

Jua lilipoanza kushuka, wenye turubai walikuja kulikunja, wakakataa kuondoka mpaka waonyeshwe marehemu, kwa kuwa hawajawahi kuondolewa kabla ya mazishi. Walionyeshwa. Walimwangalia kwa mashaka, wakakunja.

Ikabaki kazi ya kumfufua Mkurugenzi mjini kote, na kazi hiyo alipewa Naibu aliyempokelea pole, na Kioo ili asaidie. Walikaa mapokezi, kila mmoja na simu yake.

"Hajafa," alisema Naibu, tai imelegea. "Ndiyo, mimi ndiye niliyekubali. Sasa nakataa. Hapana, bwana mkubwa, sikupingi, nasema tu kwamba... Ndiyo. Ndiyo, una haki." Akaweka simu chini. "Huyu amesema amekufa."

"Ukamjibu?"

"Yeye ni mkuu wa idara."

Kioo alikuwa anaongea na mjane mmoja wa barabara ya chini. "Mama, yuko hai. Nimemwona kwa macho. Amekula hata mkate." Akasikiliza. "Hapana, mama, sio huzuni inayonifanya niseme hivi." Akasikiliza tena, muda mrefu. "Sawa, mama. Nitazifikisha salamu zako kwake. Huko aliko."

Kutoka ofisini Mkurugenzi aliuliza, kwa sauti iliyojaribu kutojali, kama kuna mtu yeyote bado analia.

"Wapo wachache, bosi."

"Hao wa upande gani?"

"Ng'ambo ya reli."

"Basi hao," alisema Mkurugenzi, "msiwasumbue usiku huu."

Chaji ya simu ya Kioo ilikuwa imebaki ukingoni, na dirishani mwanga ulikuwa unaondoka kwenye tangi la pikipiki. Akafunga milango, akanunua mkate, akaenda nyumbani. Upande wa sokoni na barabara kuu watu walikuwa wamekwisha kuambiwa, na wengi wao walikuwa wameanza kuamini. Ng'ambo ya reli Mkurugenzi aliachwa marehemu mpaka kesho.